Kumi na Nyongeza

Nina hasira za karibu. Nalisema mapema ili msomaji asije akanihurumia mahali nisipostahili. Nimefundisha darasa la pili kwa miaka mingi katika shule ya kijiji kimoja kando ya ziwa, nje ya mji wa Musoma, na katika miaka hiyo nimefokea watoto, nimefokea wazazi, nimefokea mbuzi waliozoea kuingia darasani kutafuta kivuli, na mara moja nilimfokea mgeni kutoka halmashauri ambaye nilidhani ni fundi wa bati aliyechelewa. Kwangu ni Kigera, huko mjini. Kila asubuhi bodaboda ananifikisha shuleni vumbi limenikaa kwenye nyusi, na watoto themanini na sita wanasimama kuniamkia kwa sauti moja ndefu ya kuburuta. Wakishakaa naanza na hesabu, maana saa hiyo vichwa vyao bado havijachoka, na changu pia.

Darasa la pili ndipo hesabu inapogeuka kuwa kitu kingine. Darasa la kwanza mtoto anajumlisha tatu na nne kwa vidole, anapata saba, anafurahi, anaenda zake kucheza. Darasa la pili unamletea ishirini na saba kujumlisha thelathini na tano, na vidole havitoshi tena. Hapo ndipo unamwambia kwamba namba ina nyumba: huku kulia wanakaa mamoja, kushoto kwao makumi, kushoto zaidi mamia. Mamoja yakizidi tisa hayaruhusiwi kubaki kwenye chumba chao. Unachukua vijiti kumi, unavifunga kwa uzi, na lile fungu linahamia kwa makumi. Vinavyobaki vinabaki. Kwenye daftari tunasema, "Saba na tano, kumi na mbili. Andika mbili, beba moja."

Nimeusema msemo huo tangu nikiwa mtoto Butiama. Nakiri kwamba mpaka nilipofikisha umri wa kuwa na mvi sikuwahi kujiuliza ile moja ninayobeba ni moja ya nini. Niliibeba tu, nikaiweka juu ya tarakimu ya kushoto, nikapata vema yangu. Na hivyo ndivyo nilivyowafundisha watoto, mwaka baada ya mwaka, na walipokosea niliwafokea.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na binti mmoja aliyekariri darasa. Alikuwa na miaka tisa, mdogo wa umbo, mtaratibu, na mikono yake ilinuka samaki hata siku ya Jumatatu. Alikuwa akikaa na bibi yake, mama wa mama yake, ambaye anaanika furu na kuwauza. Furu ni wale samaki wadogo wa ziwa letu wenye mifupa mingi na utamu mwingi. Mtu wa kwetu akila ugali na furu wakavu hataki kuulizwa habari za nyama. Binti huyu alisoma vizuri, aliandika mwandiko wa kupendeza, lakini kwenye kujumlisha alinishinda. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemwita bibi yake siku ya kufunga shule, na mbele ya wazazi wengine nikamwambia kwamba mtoto ana kichwa kizito, arudie darasa. Bibi alisema, "Sawa, mwalimu," akamshika mkono wakaondoka. Nilidhani nimetenda haki.

Mwaka wa pili akaanza upya, na makosa yakawa yaleyale. Mwezi wa kumi bibi akaja mwenyewe shuleni, akasimama mlangoni mwa ofisi na khanga yake imefungwa kiunoni kwa kazi.

"Mwalimu, shangazi ya huyu mtoto amejifungua kule Bunda," aliniambia. "Anauzaga nguo sokoni, anataka mtu wa kumshikia mtoto. Mimi nilimwambia angoja kwanza. Kama mwaka huu tena hapandi darasa, mwezi wa kwanza anaenda."

"Bibi, ni mtoto mdogo."

"Najua ni mdogo. Lakini shule inamrudisha, shangazi anamtaka. Mimi nifanye nini?"

Aliyemrudisha ni mimi. Na nilijua jambo ambalo kila mwalimu wa upande huu analijua: binti akishaenda kushika mtoto wa mtu, harudi kwenye dawati. Mtoto akikua anazaliwa mwingine. Upimaji, ambao mwaka huo ndio ungeamua nani apande darasa, ulikuwa wiki sita mbele. Mwalimu kutoka shule nyingine ndiye angekuja kuwasikiliza na kuwapa hesabu, mtoto mmoja mmoja, na nisingeweza hata kumkonyeza.

Basi nikaanza kumbakiza baada ya wenzake kuondoka. Nilimpa maswali, akayafanya kimya kimya, ulimi ukitokeza pembeni ya mdomo, akaniletea. Arobaini na mbili jumlisha thelathini na tano: sabini na saba, vema. Arobaini na saba jumlisha ishirini na tano: akaandika sabini na moja. Hamsini na nane jumlisha thelathini na sita: tisini na tatu. Kila mahali palipo na kubeba, alikosea. Nilimrudisha afanye tena, akanirudishia jibu lilelile bila wasiwasi wowote, na utulivu ule ndio ulionipandisha hasira zaidi. Kuna swali moja, ishirini na sita jumlisha thelathini na nne, ambalo aliandika tano, halafu kwenye kisanduku cha mamoja akabana tarakimu mbili, moja na sifuri, kumi nzima ndani ya kisanduku kimoja cha daftari la miraba. Nilisema ananifanyia mzaha. Nilimchapa fimbo mbili mkononi. Hilo nalo naliandika hapa kwa sababu lilitokea.

Jioni hiyo, nikiwa nyumbani Kigera nasubiri maharage yaive, nilichukua daftari lake kusahihisha, na kwa mara ya kwanza nikayatazama makosa yake badala ya kuyapiga mkasi wa kalamu nyekundu. Sabini na moja badala ya sabini na mbili. Tisini na tatu badala ya tisini na nne. Kila jibu limepungua moja, na si moja na nusu wala mbili. Nikafikiri labda anahesabu vibaya vidoleni, anaanzia kidole ambacho alishakihesabu; watoto wengi hufanya hivyo. Lakini kama ni vidole, mbona pasipo na kubeba anapata? Nikafungua nyuma zaidi. Mia moja sitini na nane jumlisha mia mbili hamsini na saba, ameandika mia nne kumi na nne. Jibu ni mia nne ishirini na tano. Hapo alikuwa amebeba mara mbili, na amepungukiwa kumi na moja.

Kumi na moja. Niliitazama ile tofauti mpaka maharage yakaanza kuungua. Mtoto asiyejua anakosea ovyo, leo tatu, kesho tisa. Huyu alikuwa anakosea kwa utaratibu ambao hata mimi na vyeti vyangu nisingeweza kuushika. Nikapata woga kidogo, sijui kwa nini. Nilihisi nimeona nyayo za mtu mahali nilipodhani hapapiti mtu.

Jumamosi nikapanda bodaboda kwenda kwao bila kuwapa taarifa. Nyumba yao iko juu kidogo ya maji, kwenye yale majabali makubwa ya kwetu, na juu ya jabali kulikuwa na furu wametandazwa wanakauka. Bibi alikuwa anawageuza. Binti alikaa chini ya ukuta, mbele yake karai la furu waliokwisha kukauka, pembeni tepe za mafunjo zilizochanwa nyembamba. Alikuwa anawatunga. Aliponiona alisimama akaniamkia, nikaitikia, nikamwambia aendelee. Nilipewa kigoda, nikakaa nikimtazama mikono.

Alipitisha utepe kwenye tundu la shavu la samaki, mmoja, wa pili, wa tatu, akihesabu kwa midomo. Alipofika kumi alisimama kidogo. Kisha akachukua furu mwingine, mzuri kuliko wale kumi, akamweka juu kabisa, akafunga fundo. Akaweka mtungo ule pembeni, akaanza mwingine. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Akasimama. Akachagua mzuri, akamweka juu, akafunga.

"Huyo wa mwisho ni wa nini?" nikauliza.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Ni nyongeza, mwalimu."

"Kila mtungo una nyongeza?"

"Inakuwaga nayo. Bila nyongeza hatufungi."

Bibi alikuwa amenisikia. Alikuja akijifuta mikono na khanga. "Mwalimu, wewe umeona wapi mtu anauza kumi tupu?" alisema, na alikuwa ameudhika kweli, kama vile nimemwambia afanye jambo la aibu. "Kumi tupu unampaga mtu mliyegombana naye. Mama yangu alikuwaga anatunga hivi, na mimi natunga hivi, na huyu nimemfundisha akiwa hajaota meno ya mbele."

Binti alikuwa amemaliza mitungo kadhaa. Akaanza kuikusanya ili afunge mzigo wa kwenda mnadani. Akahesabu mitungo kumi, akasimama, akachukua mtungo wa kumi na moja, akaulaza juu, akafunga vyote kwa utepe mnene. Na mzigo nao ulikuwa na nyongeza yake.

Nikashuka kwenye kigoda nikakaa chini kwenye mchanga, na nguo yangu nzuri. Niliona yote kwa mara moja. Mimi darasani nilimwambia vijiti vikifika kumi afunge fungu lihamie kushoto, na yeye alinitii. Alihesabu kumi, akaweka nyongeza, akafunga. Saba na tano ni kumi na mbili. Ukitoa fungu lenye nyongeza yake, kinabaki kijiti kimoja. Kwa hiyo sabini na moja. Na sita na nne ni kumi, lakini kumi bila nyongeza haifungwi, haijatimia kuwa fungu, haiwezi kuhama. Itakaa wapi? Itakaa kwenye chumba cha mamoja, hata kama chumba ni kidogo. Ndiyo maana aliibana pale kwenye kisanduku. Hakunifanyia mzaha. Alikuwa mwaminifu kwa fungu lake mpaka akachapwa.

Nilimwambia aniletee mizigo miwili, mitungo mitatu na furu watano. Akaleta. Nikamwambia aongeze mzigo mmoja, mitungo tisa na furu nane. Hakuinua jicho. Mikono ilienda yenyewe: furu watano na wanane wakawa kumi na watatu, akatunga kumi na mmoja, wakabaki wawili, ile mitungo ikawa kumi na mitatu pamoja na ule mpya, akafunga mzigo, ikabaki miwili, mizigo ikawa minne. "Mizigo minne, mitungo miwili, furu wawili," alisema. Nikachukua kijiti nikajaribu kuhakiki kwenye mchanga, nikakosea, nikafuta, nikakosea tena. Yeye alisubiri kwa adabu mpaka mwalimu wake amalize.

Nilipokuwa narudi mjini nilimkumbuka marehemu baba yangu. Sisi kwetu Butiama ni watu wa ng'ombe, na kwa baba ng'ombe hawakuhesabiwa. Ukimnyooshea ng'ombe kidole na kusema mmoja, wawili, ulipata kofi. Jioni wakirudi, baba alisimama langoni mwa zizi akawatazama wakipita, hakusema namba, na wa mwisho akishaingia alisema, "Yule mwekundu mwenye pembe iliyoinama hayupo." Na kweli hayupo. Nimekulia kwenye nyumba hiyo. Nilijua tangu utoto kwamba watu wana njia zao za kujua wingi wa vitu, na kwamba njia hizo ni kamili. Kisha nikaenda chuo cha ualimu, nikarudi na chaki, nikasahau.

Jumatatu niliwahi shuleni kabla ya mwalimu mkuu. Ofisini kuna kabati ambalo tunahifadhi karatasi za mitihani ya miaka iliyopita mpaka panya wazimalize. Nikatafuta karatasi ya yule binti ya mwaka uliopita, ile niliyoitumia kumrudisha darasa. Maswali kumi ya kujumlisha. Nilikuwa nimempa matatu, yale yasiyo na kubeba, na kwenye mengine saba kalamu yangu nyekundu ilikuwa imepita kwa hasira mpaka karatasi imechanika kidogo. Nikakaa nikayasahihisha upya, safari hii kwa nyongeza. Ilinichukua muda mrefu, na ilibidi nichore mitungo pembeni. Swali la kwanza, sahihi. La pili, sahihi. Yote kumi yalikuwa sahihi, hata moja halikukosewa. Mtoto wa miaka minane, bila kufundishwa na mtu yeyote, alikuwa amechukua utaratibu wa namba niliompa, akautoa kwenye kumi akausimamisha juu ya kumi na moja, ukasimama bila kuyumba, mamoja mpaka mamia. Mimi nilimwita mzito.

Nimesikia watu wakisema wameona maajabu, na wengi wao huzungumzia magari na majengo. Mimi niliyaona maajabu kwenye karatasi iliyoliwa na panya pembeni, na nikafunga mlango wa ofisi nikalia.

Zilibaki wiki tano. Nilimbakiza mchana, nikamwekea vijiti mezani, nikamwambia kwa upole ambao hata yeye aliushangaa, "Nyongeza yako nimeiona. Si kosa. Lakini hapa shuleni tunafunga kumi tupu."

Kisha akauliza, "Kwa nini?"

Ningesema nini? Kitabu kimesema? Serikali imesema? Miaka yote ile hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza kwa nini kumi, na mimi sikuwahi kumuuliza mwalimu wangu.

"Si watasema tuna choyo?" akaongeza.

"Hapa hatumuuzii mtu," nikasema. "Hakuna wa kumnyima." Niliona hajaridhika, nami sikuridhika. Basi nikaweka mikono yangu miwili mezani, nikamwambia aweke yake kando ya yangu. "Watu wa zamani sana, wa kila mahali, walihesabu kwa hivi. Vikiisha, wakafunga. Hivi havina nyongeza."

Aliitazama mikono yetu kwa muda mrefu, yangu yenye chaki na yake yenye magamba ya samaki. Akavikunja vidole vyake kimoja kimoja mpaka vikaisha, akatazama kama kipo cha ziada mahali. "Ni kweli, havina," alisema. Akavuta vijiti, ishirini na sita na thelathini na nne. Sita na nne, kumi. Mkono wake ulienda kuchukua kijiti cha kumi na moja, ukasimama hewani, ukarudi. Akafunga kumi tupu, taratibu, kama mtu anayefanya jambo lisilo la heshima kwa sababu ameombwa na mkubwa. Akahamisha fungu kushoto. Akaandika sita na sifuri, kila moja kwenye kisanduku chake.

"Imekuwa rahisi," alisema, na niliona kama amesikitika kidogo.

Mchana ule mmoja tu alihama kutoka kumi na moja kwenda kumi. Sijui nilielezeje ili mtu asiye mwalimu aelewe uzito wake. Wapo wanafunzi wangu wanaohangaika mwaka mzima kuelewa kwamba ile moja inayobebwa ni fungu zima na si kijiti. Huyu alilijua hilo kabla hajaota meno ya mbele, kwa mikono, kwa samaki, na ndiye aliyenifundisha mimi. Sasa alilihamisha jengo zima kutoka msingi mmoja kwenda mwingine kabla ya kengele ya kutoka. Mimi nimejaribu kwenda upande wake, Jumamosi kadhaa nimekaa na maharage nikifunga kwa kumi na moja, na mpaka leo nikifika mamia napotea. Wiki zilizobaki sikumfundisha kitu. Nilimpa maswali ili nione tu.

Jambo moja sikumwambia. Sikumwambia habari ya karatasi ya kwenye kabati. Nilijiambia kwamba nitamchanganya kabla ya upimaji, lakini ukweli ni kwamba niliona aibu.

Siku ya upimaji nilikaa nje pamoja na walimu wengine, kwenye benchi la ukutani, na dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia mwalimu mgeni akimsomea yule binti maswali. Thelathini na nane jumlisha arobaini na saba. Nilijua nane na saba ni kumi na tano, na nilijua mkono wake uko wapi wakati ule, na nilikuwa nimelishika benchi kwa mikono miwili hata mwenzangu akaniuliza kama sukari imepanda. Kisha nikasikia kalamu ikiandika. Mgeni alisema, "Themanini na tano. Haya, linalofuata." Nikapumua. Yakafuata mengine, na yote aliyapata.

Siku ya kufunga shule tulisoma majina ya wanaopanda darasa la tatu, na lake lilikuwamo. Bibi hakuja, alikuwa na samaki juani. Watoto walipotawanyika, binti alibaki amesimama karibu na meza yangu na ripoti yake mkononi.

"Mwalimu."

"Naam."

"Zile za mwaka jana. Ukiweka na nyongeza, nilikuwa nimepata?"

Alikuwa amelifikiria mwenyewe. Wiki zote zile alikuwa amelibeba kichwani. Ningeweza kusema sikumbuki, na karatasi ile panya wangeimaliza.

"Ulikuwa umepata," nikamwambia. "Zote. Nimezisahihisha upya, zote kumi."

Akaikunja ripoti mara mbili. Hakukasirika, wala hakutabasamu. "Basi umwambie bibi," alisema. "Wewe ndo ulimwambiaga kichwa yangu nzito."

Tukaenda pamoja kwa miguu, mimi na viatu vyangu vya mjini juu ya mawe. Bibi alikuwa juu ya jabali. Hakupewa nafasi ya kunikaribisha; nilimwambia nikiwa bado nimesimama, kwa maana nilijua nikikaa nitatafuta maneno laini. Nilimwambia kwamba mtoto amepanda darasa. Nikamwambia kwamba mwaka uliopita pia alistahili kupanda, kwamba hesabu zake zilikuwa sawa kwa namna aliyofundishwa nyumbani, na kwamba aliyeshindwa kuona ni mimi. Nilimwomba radhi, yeye na mjukuu wake.

Bibi aliendelea kugeuza furu mpaka safu ikaisha. "Kwa hiyo hakuwa mzito," alisema.

"Hakuwa, bibi."

Akafuta mikono, akafungua pindo la khanga, akatoa simu yake ndogo ya tochi, akampa binti ampigie shangazi wa Bunda. Kisha akaichukua akanipa mimi. "Mwambie na huyu. Mimi nilishamwambiaga mtoto hana kichwa. Akisikia kwangu atasema namficha."

Shangazi alipokea. Nikamsalimu, nikajitambulisha, nikasema tena yote tangu mwanzo, mara ya tatu siku ile: kwamba binti hana tatizo, kwamba amepanda la tatu, kwamba anatakiwa abaki shule. Nyuma yake nilisikia mtoto mchanga akilia, kilio cha mtoto aliyelazwa mahali kwa sababu mikono ya mama yake ina kazi.

"Sawa, mwalimu. Nimesikia," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Basi nitatafuta mtoto mwingine."

Simu ikakatika. Binti alikuwa amesimama karibu yangu na alisikia kila neno. Akaniuliza mtoto huyo mwingine yuko darasa la ngapi.